Kuchagua kipimo cha baruti nyeusi kwa bastola ya fataki na gololi

MwalimuWaKibosho (Moshi)

Heshima kwenu wakubwa, na wadogo zangu hamjambo. Ninaandika kutoka Moshi, ambako nimestaafu baada ya kufundisha kemia katika shule za sekondari. Dada yangu ameolewa Ohio, Marekani, na mwaka huu mimi na mke wangu tumealikwa kwenda kukaa nao kwa muda. Shemeji ni mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha, na klabu hiyo ina siku zake maalumu za silaha za zamani, zile ambazo mpigaji hatumii risasi zilizokwisha kufungwa kiwandani, bali humimina baruti nyeusi ndani ya kila chemba ya silinda, akashindilia gololi ya metali ya risasi juu yake, kisha akavika fataki, yaani vikofia vidogo vya kuwashia baruti, kwa nyuma.

Marehemu baba yake alimwachia bastola mbili za namna hiyo, zote nakala zilizotengenezwa Italia, lakini hakumwachia maelezo yoyote ya maandishi. Ya kwanza ni mfano wa Remington, kaliba .44, yenye fremu ya chuma na upapi unaopita juu ya silinda kuunganisha mbele na nyuma. Ya pili imeandikwa 1851 Navy, nayo pia ni kaliba .44, ila fremu yake ni ya shaba ya njano na haina upapi huo. Pamoja nazo kuna chupa ya baruti yenye mdomo unaopima greni 30 kwa mara moja, makopo ya fataki namba 10 na namba 11, na masanduku mawili ya gololi, moja la inchi .451 na jingine la inchi .454.

Shemeji ameniomba nimsaidie kufikiri juu ya kipimo, kwa kuwa anajua maisha yangu yamepita mbele ya mizani. Anakumbuka kwamba baba yake alitumia ule mdomo wa greni 30 kwa bastola zote mbili bila kubagua. Jirani yake, kwa upande wake, anasema baruti nyeusi ni dhaifu, kwa hiyo mtu ajaze chemba mpaka ibaki nafasi ya gololi tu, na hakuna kitakachoharibika. Maneno hayo ya jirani yamenitia wasiwasi, maana sioni vipi fremu za metali mbili tofauti zitakuwa na uvumilivu uleule.

Naomba wenye ujuzi wanieleze tuanze na kiasi gani kwa kila moja, greni hizo zipimwe kwa uzito au kwa ujazo, chembe za baruti ziwe za ukubwa gani, na kwa nini baadhi ya wapigaji huweka unga wa mahindi juu ya baruti. Kila kitu kitafanyika huko Ohio, kwenye uwanja wa klabu na mbele ya msimamizi wao. Hapa Moshi sina silaha wala sikusudii kuwa nayo.


FundiSakina (Arusha)

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi wa silaha mwenye leseni hapa Arusha, na kazi yangu ya kila siku ni bunduki za kampuni za uwindaji. Bastola za fataki nilizizoea nilipokuwa mafunzoni Ujerumani, ambako klabu nyingi za shabaha huwa na kundi lake la baruti nyeusi. Wasiwasi wako una msingi, nami nitaanza nao kabla ya kutaja kipimo chochote, kwa sababu mtu akipewa namba bila sababu zake atazivuka siku atakapojisikia.

Ni kweli kwamba baruti nyeusi huzaa mgandamizo mdogo kuliko baruti ya kisasa isiyotoa moshi, na ni kweli pia kwamba bastola ya chuma iliyo nzima, ikijazwa baruti nyeusi halisi mpaka ibaki nafasi ya gololi, kwa kawaida haipasuki. Hapo ndipo jirani wa shemeji yako alipopata neno lake. Lakini kutopasuka ni sharti dogo mno kwa silaha ambayo mtu anataka kuitumia miaka mingi na kuipatia alama kwenye shabaha. Kipimo huchaguliwa kwa kuangalia fremu inavumilia nini milio mingi ikijumlishwa, na gololi zinakusanyika vipi pale mbele. Ukubwa wa chemba unakuonyesha tu kiasi ambacho huwezi kukizidi, haukuonyeshi kiasi kinachofaa.

Hata watengenezaji wa kwanza walilipata somo hilo. Colt Walker ya mwaka 1847, bastola yenye uzito wa kilo 2 hivi, ilikuwa na chemba za kupokea mpaka greni 60. Baadhi ya silinda zake zilipasuka mikononi mwa askari katika vita vya Mexico, na sababu zinazotajwa ni udhaifu wa chuma cha wakati ule pamoja na kujazwa kupita kiasi. Mwaka uliofuata Colt walitoa Dragoon, yenye silinda fupi zaidi na kipimo cha juu cha karibu greni 50, na walipofika kwenye Army ya mwaka 1860 chemba ilikuwa imepunguzwa zaidi ingawa kaliba ilibaki ileile ya .44.

Sasa tuje kwenye hiyo Navy ya shaba, maana ndiyo inayonipa hofu. Navy halisi ya Colt ya mwaka 1851 ilikuwa ya kaliba .36 na fremu ya chuma. Fremu za shaba zilitumiwa na baadhi ya watengenezaji wa upande wa Kusini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kama kile kiwanda cha Griswold huko Georgia, kwa sababu chuma kilikuwa adimu kwao, na hao nao walibaki kwenye kaliba .36. Bastola yenye umbo la Navy, kaliba .44 na fremu ya shaba ni ubunifu wa viwanda vya Italia vya karne ya 20, uliokusudiwa mnunuzi anayetaka bei nafuu. Katika muundo wa Colt, mtutu haushikwi na kitu chochote juu. Unashikwa na mhimili mnene unaopita katikati ya silinda, na mhimili huo umekazwa kwa nyuzi ndani ya fremu, kisha kabari ndogo hupita kwa upande na kufunga mtutu na mhimili pamoja. Kila mlio huisukuma silinda nyuma dhidi ya fremu na kuuvuta mhimili mbele. Shaba ikipokea mvutano huo kwa greni 30 kila mara, nyuzi za mhimili hulegea, na meno ya nyuma ya silinda huchapa alama zake kwenye fremu kama muhuri kwenye nta. Baada ya hapo pengo kati ya silinda na mtutu hukua, gololi huanza kuingia mtutuni kwa upande, na hakuna fundi atakayeirudisha hali ya kwanza kwa gharama inayolingana na thamani ya bastola yenyewe. Kabla ya kumimina chembe moja ya baruti, shemeji aitoe silinda, aiangalie fremu kwa nyuma kama ina alama hizo, halafu aujaribu mhimili kwa vidole. Ukicheza, bastola hiyo ipumzishwe ukutani.

Ikiwa ni nzima, kwa Navy hiyo ya shaba mwanze na greni 15 na msivuke 20. Kwa Remington ya chuma mwanze na greni 20. Mnaweza kupanda mpaka 28 au 30, ingawa wapigaji wengi wa shabaha hutulia kati ya 20 na 25. Viwanda hivi hutoa vijitabu vya matumizi, na shemeji anaweza kuvipata bila shida kwenye tovuti zao. Mkiona namba ya kiwanda ni ndogo kuliko yangu, fuateni ya kiwanda. Ule mdomo wa greni 30 uondolewe kwenye chupa kabisa, ununuliwe wa 15 na wa 20, ili mkono usije ukazoea ule wa zamani.

Greni moja ni karibu gramu 0.065, kwa hiyo greni 25 ni gramu 1.6 hivi. Kwa baruti nyeusi halisi, greni za ujazo na greni za uzito hukaribiana sana, kwa kuwa vipimo vya ujazo vilitengenezwa kwa kuifuata baruti hiyo. Vibadala vyake ndivyo vinavyowachanganya watu. Pyrodex ni nyepesi kuliko baruti nyeusi ya ujazo uleule, na ilikusudiwa kupimwa kwa ujazo. Ukiipima kwenye mizani mpaka isome greni 25 utakuwa umemimina zaidi ya ulivyodhani. Triple Seven ina nguvu kubwa zaidi, na mtengenezaji wake anaelekeza ujazo upunguzwe kwa asilimia 15 ili kufikia nguvu ya baruti nyeusi. Kwa hiyo, Mwalimu, mizani yako nzuri iwekwe kando isipokuwa kwa kuhakikisha kwamba kipimo cha ujazo kinatoa kiasi kilekile kila mara kwa baruti nyeusi halisi.

Kuhusu chembe, herufi F zikiongezeka chembe huwa ndogo na huungua haraka zaidi. Bastola hutumia FFFg. FFg ni ya bunduki za kaliba kubwa, na FFFFg ni ya kuwashia katika bunduki za jiwe, isitiwe ndani ya chemba zenu.

Gololi nazo zinahusika na kipimo. Lazima gololi iwe kubwa kidogo kuliko mdomo wa chemba, ili wenzo wa kushindilia unapoisukuma ndani, ukingo wa chemba unyoe pete nyembamba ya risasi kuizunguka pande zote. Pete ikitoka nzima, mmejua kwamba chemba imezibwa. Kati ya viwanda vya Italia, bastola za Pietta kwa kawaida hupokea .451 na za Uberti .454, lakini pete ndiyo itakayowaambia ukweli. Iwe risasi laini tupu, isiyochanganywa na metali nyingine ya kuifanya ngumu, la sivyo mtavunja wenzo. Na gololi ikae juu ya kile kilicho chini yake bila kubakiza nafasi ya hewa hata kidogo.


KiongoziUsaRiver (Arusha)

Mwalimu, shikamoo. Mimi huwaongoza wageni wawindaji, na baadhi yao hutumia silaha za baruti nyeusi huko kwao, hivyo mazungumzo haya nimeyasikia mara nyingi jioni kambini. Kuhusu fremu ya shaba sina la kuongeza, fundi amesema yote. Kuhusu Remington ya chuma ninatofautiana naye kidogo.

Hoja ya wale wanaojaza greni 30 na zaidi haiko kwenye nguvu peke yake. Ukimimina greni 20 katika chemba inayoweza kupokea 35, gololi inakaa ndani kabisa, mbali na mdomo wa chemba. Inapotoka inasafiri kwanza ndani ya chemba tupu, kisha inaruka lile pengo, ndipo inapokutana na mifuo ya mtutu. Safari hiyo ya mwanzo, wanasema, ndiyo inayoharibu usahihi. Ukijaza zaidi, gololi inakaa karibu na mdomo na inaingia mtutuni ikiwa imenyooka. Isitoshe, gololi ya .44 ina uzito wa gramu 9 tu, na mtu anayetaka kumwangusha mnyama mdogo kwa heshima, pasipo kumjeruhi na kumwacha akimbie, hana ruhusa ya kubana baruti. Kwa hiyo mimi nisingemlaumu mzee yule kwa greni 30 katika Remington.

Jambo ambalo halijatajwa ni moshi. Baruti nyeusi huacha sehemu kubwa ya uzito wake kama chembe ngumu, na ndizo hizo zinazokuwa wingu jeupe mbele ya mpigaji. Sisi wa kaskazini tuna historia nalo: mwaka 1914 kombania nyingi za askari wa Kijerumani zilikuwa bado zimebeba bunduki za modeli ya 1871 zenye baruti nyeusi, na kila mlio ulimwonyesha adui mahali mpigaji alipolala. Kwenye uwanja wa klabu wenye paa, siku isiyo na upepo, greni 30 mara 5 zitawafanya msubiri muda mrefu kati ya mlio na mlio kabla ya kuiona shabaha tena. Hapo kipimo cha fundi kina faida yake.


MamaMererani (Arusha)

Mwalimu, shikamoo, nanyi wengine habari za kazi. Nina cheti cha ulipuaji na nimefanya kazi kwenye machimbo ya Mererani, kwa hiyo sitasema lolote kuhusu bastola zenyewe, bali kuhusu kile kinachomiminwa.

Ninaomba kwa dhati kila anayesoma hapa kutoka upande wetu aelewe kwamba baruti ya mgodini na baruti nyeusi ni vitu viwili tofauti kabisa. Ile ya mgodini, iwe ya mchanganyiko wa naitreti ya amonia na dizeli au iwe ya jeli, hulipuka kwa wimbi linalokwenda kasi kuliko sauti, na kazi yake ni kuvunja mwamba. Baruti nyeusi huungua. Huungua haraka sana, lakini huungua, na gesi yake husukuma gololi hatua kwa hatua kwenye mtutu. Hakuna mtutu wa bastola utakaovumilia ile ya mgodini, hata kwa kiasi cha ncha ya kijiko. Vivyo hivyo baruti isiyotoa moshi, inayotolewa ndani ya risasi za kisasa: Mwalimu, hakikisheni kopo la shemeji lina jina la baruti nyeusi au kibadala chake, na lisiwe kopo ambalo marehemu alihamishia kitu kingine. Baruti isiyo na jina wala kopo lake la asili isitumike kabisa. Shemeji awaulize zimamoto wa huko kwao namna ya kuiteketeza, asiimwage tu uani.

Baruti nyeusi huwashwa na cheche ndogo sana, na hilo ndilo linalonifanya nitetemeke ninaposoma habari ya chupa yenye mdomo. Katika chemba iliyotoka kupigwa kunaweza kubaki kaa dogo la moto lisiloonekana. Ukimimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa, moto huo una njia ya kupanda mpaka kwenye baruti yote uliyoishika mkononi. Mimina kwanza kutoka chupani kwenda kwenye kikombe kidogo cha kipimo, funga chupa, iweke mbali, ndipo umimine kutoka kikombeni kwenda kwenye chemba. Ni hatua moja ya ziada, na kwa mtu wa maabara kama wewe haitakuwa mzigo. Baruti na fataki zisikae kwenye sanduku moja, wala zisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, na asiwepo mvuta sigara karibu na meza hiyo.


MwalimuWaKibosho (Moshi)

Ninawashukuru sana nyote. Nimezungumza na shemeji kwa simu. Remington ina jina la Pietta, na kopo la baruti ni la FFFg ambalo halijafunguliwa. Kwenye Navy ameziona alama za silinda kwenye fremu, nyepesi lakini zipo, kwa hiyo ameamua kutoitumia kwa sasa. Imebaki Remington.

Hoja ya Kiongozi kuhusu gololi kukaa ndani ya chemba naiona ina mantiki ya kifizikia, na nadhani ndipo unga wa mahindi unapoingia. Fundi, naomba utufafanulie unga huo ni wa namna gani, maana sembe yetu ya hapa ni laini kama poda. Utueleze pia namna ya kujaribu vipimo kwa utaratibu, na kuhusu hatari niliyoisikia ya chemba moja kuwasha nyingine. La mwisho, shemeji anataka kunizawadia hiyo Navy, kwa kuwa haitumiki tena, nije nayo niitundike sebuleni. Je, inawezekana?


FundiSakina (Arusha)

Mwalimu, vizuri kwamba Navy imepumzishwa. Na Kiongozi ana haki katika hoja yake. Tofauti yetu ni kwamba tatizo la gololi kukaa ndani lina dawa nyingine isiyoongeza baruti. Unamimina greni 20 au 22, kisha unajaza nafasi iliyobaki kwa kitu kisichoungua kwa nguvu wala kudhuru mtutu, ndipo unashindilia gololi, nayo inakaa karibu na mdomo wa chemba kama vile umejaza kipimo kikubwa. Wamarekani hutumia unga wao wa mahindi, ambao ni wa chembechembe na mkavu, unaokaribia dona iliyosagwa kwa jiwe kuliko sembe. Wajerumani hutumia semolina. Sembe laini hushikamana ikipata unyevu na kuwa kigae, kwa hiyo haifai. Wengine huweka kipande cha duara cha felti kilicholowekwa nta ya nyuki na mafuta ya mnyama, na hicho kina faida ya pili ya kulainisha masizi mtutuni. Mimi kwa mkono wangu huchagua felti, kwa sababu unga ni jambo la kumimina mara mbili, na mpigaji anayezungumza na jirani yake anaweza kumimina unga katika chemba ambayo hakutia baruti, au baruti mara mbili katika moja. Mkiamua unga, wekeni utaratibu wa kumaliza chemba moja kabisa kabla ya kugusa nyingine. Kijazio kisizidi kile kinachohitajika kufikisha gololi karibu na mdomo, kwani nacho ni uzito unaosukumwa, na gololi isichomoze nje ya uso wa silinda, la sivyo itaigonga fremu silinda ikizunguka.

Namna ya kujaribu ni kazi utakayoipenda. Mpigaji akae kwenye meza, mikono juu ya mfuko wa mchanga, shabaha ikiwa mita 25. Pakieni chemba 5 na kuacha ya 6 tupu chini ya nyundo. Remington ina vikato kati ya chemba ambamo nyundo inaweza kulala, lakini kwa wageni wa silaha hizi chemba tupu ni salama zaidi. Pigeni 5 kwa greni 20, futeni mtutu kwa kitambaa chenye maji, pigeni 5 kwa greni 22, halafu 24, na kuendelea, mkibadilisha jambo moja tu kila mara: baruti ileile, gololi ileile, fataki ileile. Msiangalie matundu yako juu au chini ya alama. Angalieni yamekaribiana kiasi gani. Kwa kawaida kutakuwa na kipimo ambapo kundi linabana, kisha mkipanda zaidi linafunguka tena. Rudini kwenye kile kilichobana na kujaribu tena siku nyingine kabla ya kukiamini. Kama kundi ni zuri ila liko juu au chini ya alama, hilo ni suala la kilengeo na lirekebishwe kwenye kilengeo, lisirekebishwe kwa baruti. Chemba nazo zipewe alama kwa penseli ya nta, kwa maana katika silinda nyingi huwa na moja inayotupa gololi pembeni ya zenzake, na mtu asipojua hilo atakilaumu kipimo. Katika mashindano ya MLAIC, chama cha kimataifa cha wapiga shabaha kwa silaha za namna hii, mpigaji hupewa dakika 30 kwa milio 13, na 10 bora ndiyo huhesabiwa. Katika mita 25 hakuna alama inayotolewa kwa nguvu ya mlio, na ndiyo sababu walio bora hawajazi chemba.

Kuhusu chemba moja kuwasha nyingine, ni hatari ya kweli. Moto unaweza kupita mbele, kwenye gololi iliyolegea ambayo haikunyoa pete kamili, au nyuma, kwenye fataki isiyokaa sawasawa juu ya kikalio chake. Kwa hiyo gololi yenye pete nzima, felti yenye mafuta chini yake au mafuta mazito juu yake, na fataki zinazobana zenyewe bila kufinywa kwa vidole. Jaribuni namba 10 na namba 11 kwenye vikalio vya bastola hiyo kabla ya kununua nyingi. Inayoingia kwa kusukumwa kidogo na kukaa bila kucheza ndiyo yake. Fataki huvikwa mwisho kabisa, mtutu ukiwa umeelekea shabaha. Mkono wa pili usiwe mbele ya silinda kamwe, na miwani ya kinga ivaliwe na kila aliye karibu, kwa sababu vipande vya fataki huruka. Fataki ikilia na chemba isilie, bastola ibaki imeelekea shabaha kwa dakika nzima kabla ya mtu kuigusa tena. Baruti yenye unyevu inaweza kuchelewa.

Kabla ya kupakia mara ya kwanza, mafuta yote ya kuhifadhia yafutwe ndani ya chemba, kisha pigeni fataki tupu katika kila kikalio ili njia ya moto ikauke. Chemba yenye mafuta hulowesha baruti na kuharibu majaribio yote mtakayofanya siku hiyo. Bastola ioshwe siku ileile kwa maji ya moto na sabuni, ikaushwe vizuri, maana masizi ya baruti nyeusi huvuta unyevu hewani na kutu huanza usiku huohuo. Muundo wa Remington una udhaifu mmoja hapa: mhimili wake ni mwembamba na masizi huukwamisha mapema, hivyo msishangae silinda ikianza kuwa nzito baada ya raundi chache. Itoeni, mfute mhimili na kuupaka mafuta ya mnyama au ya mimea. Mafuta ya mashine yakichanganyika na masizi hayo huwa lami.

Sasa zawadi. Huko Marekani sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 inaziweka nakala za namna hii katika kundi la silaha za kale, na kwa sababu hiyo shemeji anaweza kuwa nazo bila masharti mengi, ingawa majimbo yana sheria zake. Upole huo hauvuki mpaka pamoja nawe. Kwetu, chini ya sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, hata gobori la kienyeji ni silaha, na anayekutwa nalo bila leseni hushtakiwa. Bastola inayoweza kufyatua itahesabiwa hivyohivyo, hata ikiwa imetundikwa sebuleni pamoja na picha za harusi. Usikubali kuibeba mpaka uwe umekwenda mwenyewe polisi, kwa ofisa anayeshughulikia leseni za silaha, ukapata jibu la maandishi, na shemeji awe amepata jibu la upande wake kuhusu kusafirisha nje. Ushauri wangu ni kwamba ibaki Ohio.


MamaMererani (Arusha)

Niongeze moja kuhusu safari, kwa sababu nimeona watu wakikwama. Baruti na fataki haziruhusiwi kwenye ndege ya abiria, si kwenye begi la mkononi wala kwenye lile linalokabidhiwa, hata zikiwa za kumbukumbu ndani ya kijichupa. Viwanja vya ndege pia hufuta mikono na mizigo ya abiria kwa vitambaa maalumu vya kutafuta mabaki ya vilipuzi. Nguo na viatu mtakavyovaa uwanjani vifuliwe na kuoshwa mapema, na begi mtakalobebea vifaa vya klabu lisiwe lile mtakalorudi nalo Moshi.